Mama Kahongya Adèle, Aliyekwenda Kuwasalimu Maharusi wa Butembo

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mama Kahongya Adèle anaufunga mlango wa ofisi yetu kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Tunasema "anaufunga" kwa heshima ya lugha. Wafanyakazi wote wa Kituo cha Takwimu za Afya Milimani wanajua kwamba mlango ule haufungiki tangu kitasa kilipovunjika, na kwamba ni yeye aliyekuwa akiuegemeza kiti cha plastiki kila jioni. Kuanzia Jumatatu, nani atauegemeza? Hilo halimo katika mpango wa mwaka.

Kamati ya sherehe ilimwomba Daktari Kambere, mkuu wetu, auandike wasifu huu. Daktari akajibu kwamba ana kazi nyingi. Basi ukaniangukia mimi, Maliro, mwenye meza iliyo karibu na mlango huo, ambaye kwa miaka kumi na mitano nimeitwa mtakwimu bila mtu yeyote kuuliza sababu.

Mama Adèle angalimuuliza Daktari papo hapo: "Nyingi kupita nini?" Hilo ndilo swali la maisha yake. Anamuuliza mchuuzi wa viazi anayesema mvua imekuwa kubwa, anamuuliza mume wake anayesema chumvi imezidi. Inasemekana aliwahi kumuuliza padri, nje ya kanisa, baada ya mahubiri juu ya wingi wa dhambi za siku hizi. Padri alikumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa wa kumpaka mafuta.

Swali lenyewe alilitoa kwao Luofu, alikozaliwa kwa wakulima wa maharage na viazi. Mwaka 1993 alikuwa muuguzi kijana, anapanda milima na sanduku la barafu begani akichanja watoto. Siku moja wazee walimlalamikia kwamba watoto wengi mno wanakufa kwa surua. Akawauliza: mno kupita mwaka jana, au kupita wakati gani? Kila mmoja alimjua mtoto wake aliyekufa, lakini hakuna aliyejua Luofu huzika watoto wangapi katika msimu usio na balaa. Mama Adèle alisema baadaye kwamba siku ile alijiona kama mtu anayetaka kupima mafuriko bila kujua mto ulikuwa unafika wapi.

Alipohamia Butembo, akatukuta sisi: vyumba viwili, kompyuta tatu, moja inawaka. Alitufundisha hesabu ya vifo vilivyozidi kwa njia ambayo hata mimi niliielewa. Mama wa nyumba, alisema, anajua chungu chake. Kila siku kinatosha watu wa nyumbani. Leo amepika kilekile, na hakikutosha. Hana haja ya kumwona mgeni uso kwa uso. Kuna mtu amekula. Ugonjwa nao ni vivyo hivyo. Si kila unayemuua anapimwa, wala si kila mmoja anafika hospitali. Lakini kama mji huzika watu kadiri fulani kwa mwezi, na mwezi huu umezika kupita hapo, ile ziada ndiyo sahani ya mgeni.

Shida ilikuwa kupata chungu. Hapa kwetu, Butembo na Beni, watu wengi huzaliwa na kufa bila kuipa serikali taarifa, na serikali nayo haijalalamika sana. Hospitali zinawajua waliofia kitandani mwao tu. Ndipo Mama Adèle akatoa wazo lililotuletea sifa, na kisha aibu, na kisha sifa tena: viti. Hakuna mtu wa kwetu anayeliliwa huku watu wamesimama. Tajiri au maskini, Mkatoliki au Mwislamu, akifa tu, kuna mtoto wa ndugu atakayetumwa mbio kukodi viti vya plastiki. Basi kila Jumamosi tukazunguka kwenye depo za viti, Butembo na hata Beni, tukiuliza: juma hili vimetoka kwa vilio vingapi? Hatukuhesabu viti, tulihesabu vilio. Tukafanya hivyo miaka kadhaa, hadi tukaujua mto wetu unafika wapi, kadiri mto wa nchi hii unavyokubali kujulikana. Wale waliouawa kwa silaha kwenye mashamba ya Beni, Mama Adèle aliwaweka kando katika hesabu. Katika sala hakuwaweka kando.

Kisha ikaja Ebola, na watu wakaanza kuogopa kusema neno kilio. Ukisema kuna kilio, gari linakuja, na watu waliovaa meupe kichwa hadi miguu wanamchukua marehemu wako. Watu wakaenda depo wakasema, "Tuko na harusi." Mwaka ule Butembo iliozesha mabinti wengi hata sisi mabachela wazee wa ofisini tukajiuliza kwa nini hatujaalikwa.

Hapo ndipo pua ya Mama Adèle iliingia kazini. Aligundua kwamba kiti hakiwezi kusema uongo kama anayekikodi. Kwenye harusi, moto wa kupikia uko nyuma ya nyumba, mbali na wageni. Viti vinarudi vinanata sucré, yaani soda, na vinanuka marashi. Kwenye kilio, watu wanakaa kuzunguka moto uani, kutwa kucha, siku baada ya siku. Viti vinarudi na moshi wa mkaratusi ulioviingia mpaka kwenye vinyweleo, kama plastiki ingekuwa na vinyweleo. Alikuwa anakiinua kiti, anakinusa mgongoni mara moja, anasema "Harusi" au "Kilio," anakwenda kwa kinachofuata. Daktari Kambere, kwa sababu ni mwanasayansi, alimfanyia mtihani: alivichanganya viti vilivyojulikana vilikotoka, akamwita. Mama Adèle alivipata vyote. Alitambua hata kiti ambacho Daktari mwenyewe hukalia ofisini, jambo ambalo Daktari hakulifurahia.

Tukajifunza sote. Nawaomba wasomaji mtuone kama tulivyokuwa: watu wazima, wenye diploma, mimi na tai yangu, tumepanga mstari kwenye depo ya watu, tunanusa viti. Batoto ba quartier, watoto wa mtaa, walituita "bambwa ya État," mbwa wa serikali. Tulieleza kwamba sisi si wa serikali. Ule upande mwingine wa jina hatukuwa na la kujibu.

Sasa tufike katikati ya mwaka 2021, mahali ambapo Mama Adèle mwenyewe hupenda kufika kila akisimulia, ili asituache sisi tukamtangulia. Corona ilikuwa imefika, na mji ulikuwa umeandikisha vifo vichache sana vya corona, kwa sababu vipimo vilikuwa vichache sana. Kamati moja ya msaada ilikuwa na mashini za oksijeni za kugawa, na ikatangaza kwamba zitakwenda mahali ugonjwa ulipoua zaidi. Ikatuomba hesabu yetu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya kituo, kuna mtu aliyekuwa anaingoja namba yetu.

Majuma hayohayo ofisi nzima ilishikwa na mafua. Tulikuwa tunakunywa chai kwenye vikombe viwili, kwa kupokezana, kwa ajili ya undugu. Mama Adèle alilala nyumbani karibu nusu mwezi, akarudi akisema, "Grippe tu, haina kitu." Sisi tuliotangulia kupona tulikuwa tumeshaendelea na viti, naye akajiunga. Jumamosi baada ya Jumamosi, tulinusa, na matokeo yakawa ya kupendeza: harusi, harusi, ubatizo, harusi. Moshi hakuna. Vilio vilikuwa vimeshuka chini ya kawaida. Mimi ndiye niliyechora mstari wa ripoti, ukiteremka kama barabara ya kwenda Kasindi, nikaupaka rangi ya kijani. Mama Adèle akatia sahihi. Kamati ikafurahi, ikatutumia hati ya pongezi yenye muhuri, kwa mji uliojikinga vema. Mashini za oksijeni zikapangiwa safari ya kwingine.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa Bungulu, huko Beni, kwenye depo ya Mama Hadjara, mke wa Nassoro, Papa Sofia kwa jina la nyumbani, yule msafirishaji mwenye Fuso ambaye wengi wenu mlimtumia mizigo. Mama Hadjara alikuwa amekaa mlangoni, amejifunga kanga kichwani. Viti vilikuwa vimerudi asubuhi hiyo. Mama Adèle akakiinua cha kwanza, akakinusa mgongoni, akasema kwa sauti yake ya kazi, "Harusi."

Mama Hadjara akainua macho. "Harusi ya nani, Mama Adèle? Papa Sofia tulimuzika Jumatatu. Hibi biti binatoka kwangu, mu parcelle yangu. Sasa nani aliolewa pale? Udongo?"

Mama Adèle alikinusa kiti kile tena, polepole. Akanipa mimi. Nikanusa. Plastiki haikuwa hata na harufu ya plastiki. Ndipo Muhindo, dereva wetu asiyekunywa chai ya ofisini, aliyekuwa amesimama barabarani kando ya pikipiki yake na kofia ngumu kichwani, akasema kwa unyonge, "Lakini bazee, hata mie nasikia ubani na moshi toka huku."

Ndivyo tulivyojua. Tulikuwa tumetumwa kuupima ugonjwa unaoziba pua, na chombo chetu cha kupimia kilikuwa pua, na ugonjwa ulikuwa umetutangulia kwenye chombo. Nimekaa kwenye semina nyingi za makosa ya vipimo. Hilo sijalisikia likitajwa mahali pengine. Nassoro alikuwa amekohoa juma zima. Alipofikishwa hospitali alikuta mashini moja ya oksijeni na wagonjwa wakipokezana, na zamu yake haikumfikia. Hakupimwa, kwa hiyo kwenye hesabu ya corona ya mji hakuwemo. Na sasa hata kwenye hesabu yetu, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye, tulikuwa tumemwandika harusi.

Mama Adèle alikaa chini pamoja na Mama Hadjara, kwenye kimojawapo cha viti vile, akakaa hadi adhuhuri. Walichosema hatukukisikia, maana tulikuwa tumejificha nyuma ya Fuso ya Nassoro.

Aliporudi Butembo alikwenda moja kwa moja kwa Daktari Kambere na kusema ripoti irudishwe. Daktari si mtu mbaya. Ni mtu aliyekuwa ameshaitundika hati ukutani. Alimbembeleza: "Mama, tuseme ni kosa la frappe. Kosa la frappe linasamehewaka." Mama Adèle akamwambia kwamba mashini ya kuandika haikukosa kitu, tena ndiyo pekee ofisini iliyokuwa nzima. Akapanda kiti, akaiteremsha hati, akaibana kwapani.

Mbele ya kamati nilimsindikiza mimi, yaani nilibeba mwavuli. Alieleza yote, kuanzia moshi hadi Bungulu. Mwenyekiti, aliyezoea watu kuja kudai pongezi na si kuzirudisha, alijikaza asicheke akashindwa. "Sasa Mama, tuandike nini mu rapport? Kwamba chombo kilichoharibika ni nini?" Mama Adèle akajibu, "Andika pua." Chumba kizima kikacheka, na yeye akangoja wamalize. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba kuna watu wanapokezana mashini moja sasa hivi wakati sisi tunacheka, na kwamba mashini zikishavuka kwenda kwingine hazitarudi. Kicheko kikakatika. Wakampa majuma mawili alete hesabu nyingine, yenye kitu kingine zaidi ya pua.

Tungefanya nini? Moshi ulikuwa umekwisha kwenye viti. Huwezi kunusa tena juma lililopita. Kuuliza watu kama wana kilio kungeleta uongo uleule. Mama Adèle akafikiri usiku mmoja, na asubuhi akanunua sukari. Kwetu, mtu akifanya harusi, ni haki ya jirani na rafiki kwenda kumsalimu bibi-harusi, na huwezi kwenda mikono mitupu. Nani atamfukuza mtu aliyekuja na sukari kumsalimu bibi-harusi? Basi tukaanza kuzifuata nyumba zote zilizokuwa zimekodi viti kwa "harusi" msimu ule, tukibisha hodi na kusema, "Tumekuja kumsalimu bibi-harusi."

Nyumba ya kwanza, bibi-harusi alitoka. Alikuwa binti mzuri, anaitwa Victoire, akatuandalia fufu na nyama ya mbuzi, na mimi nikamwambia Mama Adèle kwamba njia hii ya utafiti ni bora kuliko zote nilizowahi kuzisoma. Nyumba ya pili hapakuwa na bibi-harusi. Mwenye nyumba alisema amekwenda sokoni. Mama Adèle akasema, "Tutamungojea." Tukangoja. Mzee yule aliutazama ule mfuko wa sukari, akatutazama sisi, kisha akaita wake wa kaka zake watoke jikoni, akasema, "Alikuwa mama yangu." Akatutajia jina lake, akasema alikuwa mwuza unga, na jinsi alivyokohoa. Tukamwachia sukari.

Zilifuata nyingi kama hiyo. Tulijua kwa namna hodi inavyopokelewa: penye bibi-harusi watu wanacheka kabla hujamaliza sentensi, pasipo naye, wanakukaribisha upesi mno. Nilikuwa nimekuja kuhesabu, nikajikuta kila siku naimba nyimbo za maombolezo katika nyumba za watu nisiowajua, kwa sauti ambayo wenye nyumba waliniomba niipunguze. Wengine hawakufa na corona. Kuna mama aliyejifungulia nyumbani kwa kuogopa hospitali, kuna mzee wa malaria aliyekuta zahanati imefungwa. Mama Adèle aliwapokea wote. Hesabu hii, alisema, haiulizi umekufa na nini. Inauliza kama tulikuwa tunakutazamia mwaka huu.

Siku ya mwishomwisho, katika nyumba moja ya juu ya kilima, wakati mwenyeji bado anatueleza habari za bibi-harusi aliyesafiri, Mama Adèle alianza kulia. Mwenyeji akadhani amekwisha kujua, naye akalia, na mimi kwa adabu nikalia. Baadaye barabarani nikamuuliza alimfahamu marehemu? "Hapana," akasema. "Nilisikia moshi mu ile pazia." Ilikuwa harufu yake ya kwanza tangu ile grippe isiyo na kitu.

Hesabu mpya ilionyesha vilio karibu mara mbili ya vile tulivyovizoea. Mstari niliuchora tena, ukipanda, nikaukosesha rangi ya kijani. Nassoro yumo ndani yake. Kamati iliusoma bila mtu kucheka, na baadhi ya mashini zile zikageuza njia. Zilikuja chache kuliko tulivyoomba, na moja ilikuja na plagi isiyoingia kwenye tundu lolote la mkoa huu, hadi fundi wa redio alipoikata na kuipa nyingine. Hizo nyingine zilivuma siku ileile. Mwaka uliofuata Sofia, binti wa Mama Hadjara, alipopata homa ya mapafu, alifikishwa hospitali na hakulazimika kungoja zamu ya mtu. Watu wengine waliozitumia hatuwajui, na hatuna njia ya kuwajua. Asiyekufa hakodi viti.

Sofia aliolewa mwaka jana. Mama Adèle alialikwa, akakaa mstari wa mbele katika kitenge chake kipya, na sisi wenzake tulimwona akijizuia, akijizuia, mwishowe akainama akakinusa kiti chake. Akamgeukia Mama Hadjara akasema, "Harusi." Mama Hadjara alicheka hadi wakamshika mabega.

Mengine ya Mama Adèle ni madogo, lakini tutayakosa. Hakuwahi kutuambia tumekosea, aliuliza tu "kupita nini?" na kutuacha tujigundue wenyewe. Alinunua kikombe cha tatu. Ukutani, mahali ilipokuwa ile hati, msumari umebaki, na yeye ndiye aliyetukataza kutundika kitu kingine juu yake.

Viti vya sherehe ya leo vimetoka kwa Mama Hadjara, vimepakiwa juu ya Fuso kutoka Bungulu hadi hapa, ingawa Butembo ina viti vya kutosha. Hakutaka kusikia. Kesho vitarudi depo, na Mama Hadjara, ambaye siku hizi ndiye pua ya Beni, atavinusa. Kwa hiyo, wapendwa wageni, tumewaweka wapishi kule nyuma kabisa ya ukuta, upande ambao upepo haurudi, na tunawaomba wanaovuta sigara wakavutie barabarani. Kiti kimoja tu kikirudi na moshi, Mama Adèle ataingia kwenye hesabu bure.

Mama Adèle, ahsante kwa kututoa aibu kwa kuionyesha. Nenda ukapumzike Luofu, upande viazi, uwaulize wazee swali lako. Kwenye mstari wetu tumeshakadiria, kama kazi inavyotudai, watu wa umri wako huishi muda gani. Tunakuombea maisha marefu na mema ya kutuharibia makadirio hayo, mwaka baada ya mwaka, hadi Daktari Kambere aniite aniulize nimekosea wapi.